Mkate wa Mama Mkwe

Ukifika Likunja ukauliza habari za mwanaume anayeoka mikate, hakuna atakayekuuliza yupi. Watakunyooshea kidole, wengine huku wakicheka, mpaka kwenye nyumba ya bati yenye migomba nyuma, na hapo utamkuta Adinani kachuchumaa akipepea moto. Wanaocheka waache wacheke. Wengi wao wameshaula huo mkate, tena wakaomba kipande cha kupeleka nyumbani, na hajaonekana hata mmoja aliyekirudisha.

Adinani ni mtu wa Nachingwea. Ujana wake uliishia kwenye tanuri la mikate la mzee Bernardo, karibu na soko, akikanda unga na kubeba magunia mpaka mabega yakaota sugu. Kisha akampenda Faudhia, binti wa Likunja huku Ruangwa, na kama ilivyo desturi ya watu wengi wa huku, ndoa ilimtoa yeye kwao ikampeleka kwa mke. Akajenga uani kwa mama mkwe wake, Bi Mwantumu, akalima korosho na ufuta pamoja na ukoo wa mkewe, akazaa, akaota mvi. Kazi ya tanuri aliiacha Nachingwea, lakini mapenzi ya kuoka alihama nayo.

Mkate wa ndizi ulimfika ukubwani. Binti yake wa kwanza, Zuleha, aliyeolewa kulekule Nachingwea, alimtumia kwenye simu video ya dada mmoja akioka mkate wa ndizi wenye njugu za kigeni. Adinani aliitazama na kuirudia mpaka bando likakata. Akasema hizo njugu hazijui, lakini ndizi anazo, na korosho ndiyo usiseme, maana msimu ukifika watu wa huku wanazikanyaga.

Basi akaanza. Yeye hutaka ndizi za kisukari zilizoiva mpaka watu wengine wangewatupia mbuzi: ganda limekuwa jeusi, ukiigusa inabonyea, harufu yake inafika barazani. Huziponda kwa mwiko, akatia mayai ya kuku wake, sukari, mafuta, unga wa ngano uliochekechwa na bekin pauda, akakoroga kidogo tu. Anasema wanawake wa Likunja hawawezi mkate huu kwa sababu wakishika mwiko wanakoroga kama wanasonga ugali. Wanawake wa Likunja nao wana yao ya kusema juu yake. Korosho hukaangwa, zikavunjwavunjwa, zikachanganywa. Sufuria ndogo hutandikwa jani la mgomba lililobabuliwa motoni, rojo likamiminwa humo, halafu ikakalishwa ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga wa moto, mfuniko juu, na makaa juu ya mfuniko. Hilo jani la mgomba ni akili yake mwenyewe, yule dada wa kwenye simu hakuwa nalo. Ndilo linalouzuia unyevu usikimbie. Mkate ukishapoa, ukiubonyeza kwa kidole unanyanyuka tena, na kisu kikipita kinatoka kinang'aa mafuta ya korosho.

Sasa kuna suala la mkwe, na asiyelielewa hili hataelewa kilichotokea. Kwa watu wa huku, mwanaume na mama mkwe wake wanaoneana haya. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani mama huvuta khanga usoni na kugeuka pembeni, naye mkwe huacha njia akapita majanini. Hiyo si chuki hata kidogo, ndiyo heshima yenyewe. Vijana wa siku hizi wamelegeza, wengine wanapiga hadi selfi na mama wakwe zao. Bi Mwantumu hakulegeza. Miaka yote Adinani aliyoishi uani kwake hajawahi kumwona akitafuna kitu.

Lakini watu wa uani mmoja hawawezi kununiana maisha yao yote kama mabubu, kwa hiyo Bi Mwantumu alizungumza na kuku.

"Nyie kuku," alikuwa akisema kutoka upande wake wa wigo wa mianzi, kwa Kiswahili kilichojaa Kimwera, "mwambieni baba Zuleha mbuzi wameingia kwenye mihogo."

Adinani, bila kuinua uso, alikuwa akiwajibu kuku walewale: "Mwambieni mama mkwe naenda kuwatoa."

Getruda, jirani yao, mwanamke wa Kimakonde ambaye wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji, alikuwa akishika mbavu. "Siku moja hao kuku watachoka, wawajibu," alisema. Kwao haya za mkwe wanazo pia, ila yeye alidai wa kwao huwa wanatumia angalau mtoto.

Mambo yaliharibika msimu wa korosho uliopita. Zuleha alijifungua kwa upasuaji, na Faudhia akafunga mzigo kwenda Nachingwea kumwangalia mzazi. Kabla hajaondoka alimkabidhi Getruda kazi ya kumpelekea bibi chakula. Haikupita muda Bi Mwantumu akashikwa na malaria. Alipelekwa zahanati, akameza dawa, homa ikashuka. Ila hamu ya kula haikurudi. Ugali aliusukuma, uji aliugusa kwa ncha ya ulimi na kusema mchungu, wali akautazama tu. Meno yenyewe alikuwa ameshabakiwa na machache ya kuhesabika. Mganga wa zahanati alikuja akamwangalia, akamvuta Adinani pembeni na kumwambia waziwazi: ugonjwa umeisha, kilichobaki ni chakula, na mama huyu asipokula ataondoka.

Hapo Adinani aliogopa kwelikweli. Bi Mwantumu hakuwa na mtoto mwingine wa kuja kumsimamia. Sadiki wake, mtoto wa kiume, alikwishafariki zamani, amebaki Faudhia peke yake. Na Faudhia alikuwa Nachingwea na binti ambaye kidonda chake kilikuwa hakijafunga, na kichanga kinacholia. Akija huku, atamwacha mwanawe. Akibaki kule, huenda akapigiwa simu ya msiba wa mama yake. Adinani alimjua mke wake. Lolote kati ya hayo mawili lingemvunja.

Akafanya alichokuwa anakijua. Akaoka mkate wa ndizi, laini, mtamu, na korosho zake, akampa Getruda aupeleke.

Getruda alirudi na sahani ilivyokwenda. "Shemeji, bibi kakataa. Anasema korosho kapelekee wenye meno."

Adinani alijipiga paji la uso. Miaka yote ameokea watu wenye meno, hakuwahi kufikiria ufizi. Siku iliyofuata alizitia korosho kwenye kinu akazitwanga. Alizitwanga mpaka zikaacha kuwa unga, zikaanza kutoa mafuta na kushikana, zikawa uji mzito unaong'aa, kama wanavyotwanga karanga za mboga. Alipouchanganya na ndizi aliona rojo limebadilika, limekuwa zito na laini kuliko alivyowahi kulipata. Alitabasamu peke yake jikoni. Mkate huu, alijiambia, hata mtoto mchanga ataumeza.

Kisha akafanya kosa, tena kosa la mtu wa korosho. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na gunia la mkaa lililokuwa nje likalowa chepechepe. Kwenye kona ya jiko kulikuwa na rundo la maganda ya korosho, makavu. Maganda yale yanawaka vizuri kuliko mkaa, lakini kila mtu wa huku anajua yana mafuta yanayobabua, na moshi wake ni mkali, unachoma koo. Unachemshia maji ya kuoga, hupikii chakula cha kufunika. Adinani alilijua hilo tangu hajaota ndevu. Lakini ndizi zilikuwa zimeshapondwa, mayai yameshavunjwa, na kule chumbani kuna mtu anaisha. Akayatia motoni. Pua yake ilimwambia mapema kwamba moshi unaingia chini ya mfuniko, akaipuuza. Mkate ulitoka umeumuka vizuri sana, rangi nzuri, na yeye kwa haraka zake hakuuonja.

Bi Mwantumu alikubali kuuonja. Getruda ndiye aliyesimulia: alitia kipande mdomoni, akakiviringisha, uso ukamkunjamana, akakitema kwenye kiganja. Akasema mdomo wake ulikuwa mchungu, sasa umeungua. Akageukia ukutani. Kuanzia hapo hata ule uji wa kugusa kwa ulimi akaukataa.

Adinani aliuonja mkate wake baada ya Getruda kuondoka. Uchungu ulimshika nyuma ya ulimi na kumkaa pale. Aliubeba wote akauzika nyuma ya migomba, maana hata kuku hakutaka waule, akakaa chini na kujiona mpumbavu wa wapumbavu.

Asubuhi yake Getruda akaja amejifunga kibwebwe, mzigo kichwani. Mumewe, Eusebio, alikuwa peke yake shambani kwao upande wa Mandawa, mvua imeanza, na korosho zilizoanguka zikilala kwenye maji zinaharibika.

"Nisamehe, shemeji. Tukiokota tukamaliza, narudi mbio."

"Nenda tu, shemeji. Korosho hazimsubiri mtu."

Alisema hivyo kwa sababu ndivyo mtu mzima anavyosema. Lakini alipoangalia huku na huku, majirani wote, wake kwa waume, walikuwa mashambani. Nyumba zimefungwa. Uani wamebaki yeye, kuku, na Bi Mwantumu aliyelala nyuma ya mlango ambao Adinani hajawahi kuuvuka.

Akampigia mkewe. Alimweleza yote, hata habari ya maganda, na Faudhia hakumkatiza.

"Baba Zule," alisema mwishowe, "ingia wewe."

"Niingie kwa mama?"

"Ingia."

"Mama Zule, unajua unachosema? Mama atakufa kwa aibu kabla ya njaa."

"Mama atakufa kwa njaa, na wewe umesimama nje unaona haya." Nyuma yake kichanga kililia. "Mimi siwezi kuja. Leo siwezi. Nakuomba."

Adinani alikata simu, akasimama pale uani. Kisha akaenda kuoka, maana mikono yake ilikuwa haijui kufanya kitu kingine wakati moyo umechafuka. Safari hii hakukimbia. Aliuanika mkaa juani, akaugeuzageuza kama anaanika ufuta, akaungoja ukauke. Akachagua ndizi zilizoiva kupita zote. Akatwanga korosho upya mpaka mafuta yakamfika kwenye vidole. Akababua jani la mgomba, akatandika, akamimina, akafunika, akagawa makaa, mengi juu, machache chini. Ulipoiva aliukata ukiwa na joto na kuuonja yeye kwanza. Akafumba macho. Ulikuwa mkate bora kuliko wote aliowahi kuoka. Hakujisifu, alishukuru tu.

Mwanaume huyu aliwahi kumfukuza nguruwe pori shambani kwa fimbo tupu. Lakini mbele ya mlango wa mama mkwe wake alivua ndara, akazivaa, akazivua tena. Akapiga hodi. Kimya. Akapiga tena. Kimya kilekile. Akageuka, akasukuma mlango kwa kisigino, akaingia kinyumenyume, sahani kifuani, macho yake yakiangalia uani alikotoka.

Alitegemea kutukanwa. Alitamani kutukanwa, kwa kuwa Bi Mwantumu mzima asingekubali kitendo kile, angepiga kelele mpaka zisikike Chinongwe. Hakusikia kitu isipokuwa pumzi nyembamba. Alipapasa kwa mguu mpaka akakuta kigoda, akakikalia, mgongo kaupa kitanda.

"Mama," alisema.

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia bila kuku katikati.

"Mama, mimi sikuoni. Nimekaa nimekupa mgongo, natazama nje. Nimeleta mkate, si ule wa moshi, ule nimeuzika. Huu nimeuonja mwenyewe. Mkono utakaokuja huko nyuma usiuhesabu kuwa ni mkono wa mkwe, uhesabu ni kijiko."

Akamega kipande, akaupeleka mkono nyuma juu ya bega, akauacha hewani.

Uani kuku mmoja alipita akidonoa. Mkono ukaanza kuuma begani, halafu ukaanza kutetemeka, na hakuurudisha. Alikuwa anafikiri juu ya Faudhia. Alikuwa anafikiri namna ya kumwambia kwenye simu kwamba mama yake hayupo tena.

"Kijiko kinatetemeka," ilisema sauti nyuma yake, nyembamba, kavu.

"Kimezeeka, Mama."

Kitanda kililia. Kitu chepesi kiligusa vidole vyake, na kipande kikatoka. Adinani hakugeuka. Alisikiliza kwa mwili mzima. Akasikia ufizi ukifanya kazi taratibu, kisha koo likimeza. Machozi yakamshuka na hakuwa na mkono wa kuyafuta, kwa maana mmoja ulikuwa na sahani na wa pili ulikuwa umeshamega kipande kingine.

Kilichukuliwa. Na kingine. Akamsikia akimeza kwa taabu.

"Kijiko hakikuleta maji?" aliuliza Bi Mwantumu.

Adinani alitoka mbio, akajikwaa kizingitini, akaleta maji, akaingia tena kinyumenyume.

Hivyo ndivyo walivyoishi mpaka Getruda aliporudi kutoka shambani. Kila siku aliingia kwa mgongo, akakaa, akamega, akapeleka mkono nyuma. Mkate ulipomrudishia nguvu kidogo, ukafuata uji wa korosho, ukafuata ugali mlaini na mchuzi. Hawakutazamana hata siku moja. Lakini walizungumza. Bi Mwantumu alimweleza habari za mumewe marehemu, za njaa za zamani, za Faudhia alivyokuwa mtoto mkorofi anayeiba mabibo ya jirani. Adinani alizipokea zote huku akitazama migomba yake kupitia mlangoni, na alishangaa kumpenda mtu ambaye sura yake haijui sawasawa.

Watu walipojua, wapo waliosema. Mji hauwezi kukosa wa kusema. Walimuuliza Sheikh Amri kama ni halali, naye akawajibu kwamba kwa dini mama mkwe ni kama mama mzazi, hizo haya ni mila, na mila ile haikuvunjwa na mtu aliyeingia kinyumenyume. Waliokuwa wanacheka habari za mikate wakaacha kwa muda. Mmoja wao, mwanaume, alikuja jioni kumuuliza Adinani, kwa sauti ya chini, mchanga unatiwa kiasi gani kwenye sufuria.

Bi Mwantumu alipoweza kutembea, alirudi upande wake wa wigo na mkeka wake, na Adinani akarudi upande wake. Siku moja simu ya Faudhia iliita, Adinani akaiweka sauti ya juu na kuiegesha kwenye uwazi wa mianzi ili mama naye asikie. Faudhia alisema kidonda cha Zuleha kimefunga, mtoto ananenepa, yeye anarudi wiki ile.

"Faudhia," alisema Bi Mwantumu, "kuna neno nataka umwambie mumeo."

"Mama, si yuko hapohapo? Anakusikia."

"Nimesema umwambie wewe."

"Haya, Mama."

"Mwambie hivi. Mimi Sadiki wangu hayupo. Siku yangu ikifika, wajomba zako watataka kupanga nani ashuke kaburini anipokee. Wasipange. Ashuke yeye. Ile mikono miwili ndiyo nataka inilaze." Akakohoa kidogo. "Mwambie si leo wala kesho. Sasa hivi bado nakula."

Faudhia alikuwa analia kule Nachingwea, ilisikika.

"Baba Zule," alisema alipoweza, "umesikia?"

Adinani alikaa chini palepale karibu na moto, akaficha uso kwenye magoti, akalia kwa kwikwi, mtu mzima na mvi zake. Upande wa pili wa wigo Bi Mwantumu alimsikia. Akaanza kumuuliza binti yake habari za kitukuu, anafanana na nani, ananyonya vipi, amepewa jina gani, kwa sauti kubwa, moja baada ya nyingine bila kungoja majibu, mkwe wake apate kulia kwa nafasi.